Alijua kila mahali pa kula, leo hataki kuulizwa

Saa saba mchana jua la Katoro halina mzaha. Lori jeupe lililobeba mafuta ya kula na sabuni limeegeshwa pembeni mwa soko, na dereva wake, Sabiti Ayubu, amekaa kwenye benchi la mgahawa mmoja, sahani ya wali maharage mbele yake. Anakula taratibu. Mara simu inaita.

Anayepiga ni dereva mwenzake, yuko Kigali, pale Nyabugogo. Njaa inamuuma na hajui aingie wapi, anataka Mzee Sabiti amwelekeze kama zamani. Sabiti anaujua mtaa ule kama anavyoujua uwanja wa nyumba yake. Lakini anamjibu mwenzake kwamba hajui, aulize watu wa hapo hapo. Kisha anailaza simu kifudifudi mezani.

"Najua, kwa nini nisijue," anasema huku akisukuma maharage kwa kijiko. "Ningemwambia nyuma ya gereji kuna mama anachoma mbuzi na ndizi, usipolamba vidole una matatizo. Lakini huu mdomo umeshaharibu, bwana. Acha upumzike."

Kwa mtu aliyemfahamu miaka mitatu iliyopita, huyu siye Sabiti. Sabiti yule hakuweza kumaliza kula bila kutangaza alichokula.

Ana umri wa miaka hamsini na minne, mzaliwa wa Shinyanga mjini. Baba yake alitoka Pangani kufanya biashara ya nazi kavu, akaoa Usukumani, pwani akaisahau. Sabiti amerithi lafudhi ya mama na tumbo la baba: anaongea kama Msukuma wa Mhunze na anataka tui kwenye kila kitu. Anaishi Ibadakuli na mkewe, Mwahija, waliyezaa naye binti, Yasmini, na kazi yake ni kuendesha lori la Rushabh, mfanyabiashara wa jumla ambaye duka la ukoo wake lipo mjini tangu enzi za babu yake.

Kabla ya hapo aliendesha malori makubwa ya kwenda nje. Kigali, Bujumbura, Kampala, kote huko amekula. Kulala, anasema, alikuwa analala hata chini ya gari, ila kula hakuwahi kula ovyo. Akishuka tu anachungulia majiko, anauliza mafuta ya lini, anaangalia nani wamekaa. Akikuta wanawake wauza soko wanakula mahali, na yeye anaingia.

Tabia hiyo ndiyo iliyozaa grupu la WhatsApp liitwalo Tule Wapi. Lilianza na madereva saba wa Shinyanga, likafika watu zaidi ya mia nne, wakiwemo wanunuzi wa dhahabu, makondakta na hata maofisa wa serikali walioomba kuingizwa kimyakimya. Sabiti hakuwa mtu wa kuandika. Alikuwa anarekodi sauti, mdomo bado una mafuta, unasikia kabisa anavyonyonya mwiba. Alisifia samaki aitwaye mukeke wa Bujumbura mpaka kuna waliosafiri kwa ajili yake. Alisifia chapati za mayai za Kampala, zile zinazokunjwa na nyanya ndani.

Mwaka mmoja Rushabh alimtuma India amsindikize baba yake, Mzee Jashvant, aliyekuwa anatibiwa moyo. Kazi yake ilikuwa kumsukuma mzee kwenye kiti cha magurudumu. Lakini mzee akilala mchana, Sabiti anatoka kutafuta chakula. Sauti zake za Ahmedabad bado zinachekesha watu. Aliwaarifu wana grupu kwamba mtaa aliofikia samaki hawajulikani, nyama nayo ni habari ya kuambiwa, lakini dengu wanazipika kiasi kwamba amekula siku ya tatu bila kuulizia kitoweo.

Na katika kote huko, akiulizwa wapi kunashinda, alikuwa na jibu moja. Kharumwa, kwa Zipora.

Kwa Zipora palikuwa kibanda cha mabati karibu na njia ya kwenda mialo ya kuchenjulia dhahabu. Mwenyewe ni mjane, Msukuma, Msabato, mama wa binti mmoja aitwaye Juliana. Alikuwa anapika sato wa Nkome, ziwani, anamkaanga kwanza, kisha anamuunga kwa karanga za kutwanga, na ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, na mlenda pembeni. Sahani shilingi elfu tatu. Wachimbaji walikuwa wanafika na vumbi la karasha, mashine ya kusagia mawe, kwenye kope, wananawa, wanakula kimya. Saa nane ikifika, sufuria linaoshwa.

Sabiti alikuwa anapita pale kila Alhamisi akipeleka mizigo ya Rushabh, kwa muda wa miaka sita. Mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa. Aliwaambia wana grupu kwamba ukipita Kharumwa bila kula kwa Zipora, huko uendako waambie umepotea njia. Magari yakaanza kuegeshwa foleni. Zipora akaongeza benchi, akaongeza jiko, akamtoa Juliana kwenye kibarua cha dukani waje wapike pamoja.

Halafu ikaja Alhamisi ile.

Alikaa pale pale anapokaa siku zote. Zipora mwenyewe akamletea sahani, na badala ya kurudi jikoni akasimama pembeni akiwa ameshika upawa. Sabiti akatia tonge la kwanza. Chumvi ilikuwa kali hadi ulimi ulijikunja, na karanga zilikuwa za zamani, zina uchungu wa kukaa gunia moja na unyevu. Zipora akamuuliza chumvi ikoje, imekaa sawa? Karanga je, hazina uchungu?

"Nikamwambia safi kabisa, mama, umepatia," anasimulia Sabiti. "Nikala nikamaliza, nikashushia na maji vikombe vitatu. Nikanawa. Nikamwambia wabeja, mayu, asante sana. Ndivyo nilivyolelewa. Mtu amekupikia, amesimama mbele yako, wewe useme chakula kibaya? Unaanzia wapi?"

Zipora akarudi jikoni ametulia, akaanza kuwapakulia wengine.

Sabiti akaingia kwenye lori, akaenda mpaka kijiji cha mbele, akaegesha, akatoa simu. Ile heshima yote aliiacha mezani. Aliwaambia watu mia nne kwamba kwa Zipora siku hizi wapitilize, mama amelewa sifa, anapika kama anayemwaga, karanga anaweka za mwaka juzi na chumvi anatia kwa koleo. Akacheka mwishoni. Hicho kicheko, anasema, ndicho kinachomuuma kuliko maneno.

Sauti haikai grupu moja. Jioni ilikuwa Geita, kesho yake Kahama. Malori yakaanza kupita Kharumwa bila kupunguza mwendo. Siku chache baadaye wachimbaji wawili waliokuwa wamekaa pale pale kwa Zipora wakaifungulia kwa sauti kubwa, bila kujua kwamba mwenyewe yuko nyuma yao. Juliana alikimbilia kuizima simu yao lakini mama yake alishasikia. Alishatambua na sauti ni ya nani.

Haikupita miezi miwili kibanda kikafungwa.

Sabiti, ambaye naye siku hizo alikuwa anapitiliza, alikuta mabati yameshushwa akaguna tu. Alidhani biashara imemshinda, kama zinavyowashinda wengi. Ni Juliana aliyemfuata kwenye lori siku hiyo, akamwamkia vizuri, shikamoo baba, akaitikiwa, ndipo akamwambia jambo ambalo nyumbani kwao walikuwa wanalificha.

Kabla ya Alhamisi ile mama yake aliugua homa na mafua makali, akalala wiki nyingi, wateja wakaambiwa amesafiri. Alipoinuka, pua ilikuwa haisikii harufu, na ulimi hauonji. Tabibu aliwaambia huenda ikarudi, huenda isirudi. Zipora akaamua kuendelea kupika kwa mazoea ya mkono, na kwa kuwa hakuweza tena kuonja, na Juliana mwenyewe anakiri hajui kupima chumvi, akawa anamwuliza mteja wa kwanza. Wengi hakuwaamini, maana mtu mwenye njaa husifia chochote. Alhamisi alikuwa anapumua, kwa sababu Alhamisi anakuja Baba Yasmini, mtu anayejua kula, atamwambia ukweli. Angemwambia chumvi imezidi, sufuria lile lingemwagwa na siku ingeanza upya.

"Niliwasha lori, nikalizima tena," anasema Sabiti. Anafuta uso kwa kiganja, halafu anajifanya ni jasho. "Yule mama alikuwa amenikabidhi ulimi wake. Na mimi nikampa adabu za mezani."

Nyumbani Ibadakuli alimsimulia mkewe, akitegemea kupozwa. Mwahija alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba miaka yote ya ndoa yao amekuwa akiambiwa pilau lake halina mfano, sasa leo alichukulieje? Walicheka wote wawili, lakini Mwahija tangu siku hiyo akipakua hamuulizi tena mumewe kitu.

Sabiti alijitoa kwenye grupu. Rushabh, ambaye naye alikuwa mwanachama na alikuwa amecheka sauti ile kama wengine, alimshauri arekodi nyingine ya kuomba radhi, aeleze kwamba mama alikuwa mgonjwa. Ushauri mzuri, ila ulikuwa na kasoro. Ili kumsafisha Zipora ilikuwa lazima kuwaambia watu mia nne kwamba hasikii ladha, na nani atakwenda kula kwa mpishi asiyeonja? Akinyamaza, mama anabaki mchafu. Akisema, amemmaliza.

Ikabidi akamuulize mwenyewe.

Zipora siku hizi anauza mkaa nje ya nyumba yake, nyuma ya soko la Kharumwa. Amefunga kitenge kiunoni, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Anasema ni biashara nzuri, mkaa hauna chumvi. Sabiti alipofika alikaribishwa, akapewa kigoda na maji ya kunywa, kama mgeni yeyote. Alijieleza kwa muda mrefu, akazunguka, akaeleza alivyolelewa, akaeleza kwamba ilikuwa ni heshima. Zipora akaendelea kupanga makopo ya mkaa.

"Mimi sikukuuliza heshima, Baba Yasmini," alimwambia. "Nilikuuliza chumvi."

Basi. Hakupandisha sauti wala hakumfukuza. Sabiti anasema afadhali angemwagiwa maji.

Kuhusu sauti ya kumwomba radhi, Zipora alikataa katakata. Alisema alishasikia sauti zake mbili, ya mezani na ya kwenye simu, ya tatu haina kazi. Alihitaji miezi kadhaa kufikiria ndipo akakubali jambo lake liandikwe gazetini, tena kwa maneno yake mwenyewe, na mwandishi alipofika alimpangia cha kuandika kabla hajakaa.

"Andika kwamba nilikuwa mpishi," alisema. "Andika sikulewa sifa. Niliumwa, na mimi pia nilikosea, nilificha. Ningesema mapema labda watu wangenionjea kwa haki. Lakini sikuwahi kumwekea mtu chakula kibaya kwa kusudi. Hilo andika."

Alipoulizwa kama atarudi jikoni, alisema mbona mwandishi ana maswali mengi, akaenda kumhudumia mteja.

Siku hiyo, ambayo si ile ya Katoro, Juliana ndiye aliyesindikiza wageni hadi barabarani, na Sabiti alikuwa anasubiri kwenye lori, hakuwa amethubutu kuingia ndani tena. Binti akamsalimia. Kisha akamweleza, kama habari ndogo tu ya nyumbani, kwamba wiki iliyopita alikuja mtu wa harusi kutaka kununua lile sufuria kubwa. Mama alimtajia bei. Mtu akakubali. Mama akapandisha. Mtu akakubali tena, akaanza kuhesabu pesa. Mama akasema samahani, amekumbuka lina tundu.

"Lina tundu kweli?" aliuliza Sabiti.

Juliana alisema halina.

Sabiti aliegemea mlango wa lori. Kisha akaeleza anachokusudia. Wakulima wa Kishapu wanakaribia kuvuna, na Alhamisi ya kwanza karanga zikishuka atachagua gunia zuri Mhunze, azinuse mwenyewe, azitafune mwenyewe. Atalishusha mlangoni kwa Zipora bila hotuba, na Juliana alipokee. Zikikaa hadi ziote, shauri yao. Zikitwangwa, atajua sufuria limerudi jikoni.

"Nitakaa nje, hata kwenye magunia ya mkaa," anasema. "Asiponipa sahani, nitaondoka na njaa yangu. Akinipa na asiniulize, nitakula ninyamaze. Akiniuliza, Mungu anipe moyo, nitamjibu."

Anapanda kwenye lori, anawasha. Ana sabuni za kushusha Geita kabla maduka hayajafungwa, na tangu asubuhi hajala.