Walisema Nilimuua Mzee Shitanda kwa Mpango wa Zamu

Alhamisi tarehe 15 Machi 1979, saa mbili kasorobo asubuhi, nilifika kazini nikakuta nimeshtakiwa kwa mauaji.

Silaha, kwa mujibu wa mashtaka, ilikuwa karatasi mbili zilizopigwa chapa.

Barua ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, kando ya tangazo la mazoezi ya kwaya. Ilisema kwamba mimi, Warigia, karani wa zamu, nilimtaja Mzee Shitanda "kwa jina, umri na ugonjwa", na kwamba wiki tano baadaye mzee akafa. Chini kulikuwa na sahihi saba. Zilipangwa kwa sauti: wa sauti ya kwanza juu, wa besi chini.

Sitanii. Wacha nieleze kwa utaratibu, maana utaratibu ndio uliokosekana pale.

Kazi yetu ilikuwa kupokea simu za dharura na kutuma ambulensi katika mitaa ya mashariki ya jiji, kuanzia Gikomba hadi Umoja. Shirika lenyewe lilishakufa na jina lake halimsaidii mtu. Chumba kilikuwa na simu nne, redio moja ya kuongea na madereva, na wapokeaji wanane.

Kati ya hao wanane, saba walikuwa waimbaji wa kwaya moja.

Haikuwa bahati. Msimamizi wetu, Bwana Owino, alikuwa mlezi wa hiyo kwaya, iliyofanyia mazoezi Kaloleni. Alikuwa na nadharia yake. Mtu aliye taabani, alisema, anahitaji kusikia sauti safi. Basi kila nafasi ilipotokea, aliajiri sauti. Anayetafuta kazi alisimama mbele ya meza yake akaimba beti mbili. Kama anajua njia ya kwenda Umoja, hakuulizwa.

Wa nane alikuwa Mativo, aliyeajiriwa kabla ya Owino kuja. Sauti yake ilikuwa kama kitanda cha chuma kinachoburutwa sakafuni. Alijua kila kichochoro cha Eastlands. Owino alimpa zamu za usiku ambazo, kwa maneno yake, "watu wa maana hawapigi".

Sasa, kwaya ile ilikuwa na desturi. Mwanakwaya akifiwa na mzazi, kwaya nzima inapanda basi kwenda kumwimbia, hata kama mazishi ni mpakani. Asiyeenda anafutwa kwenye kwaya. Ni desturi nzuri, sina neno nayo. Lakini hakuna aliyekaa chini akajiuliza ina maana gani kwa chumba chenye simu nne.

Mimi nilikaa.

Mwezi wa Februari niliandika mpango wa upungufu wa wafanyakazi. Niliorodhesha kila kinachoweza kutuondolea watu: malaria, uzazi, likizo za Desemba. Mwisho nikaandika "Mazishi". Nikaorodhesha wazazi wa wanakwaya waliopita miaka sabini. Walikuwa kumi na mmoja. Wa kwanza, kwa umri, alikuwa baba yake mwenzetu Shitanda: miaka themanini na moja, moyo.

Pendekezo langu lilikuwa sentensi moja. Tufundishe wapokeaji wa akiba kutoka kwa wafanyakazi wengine, ili msiba mmoja usitoe chumba kizima.

Owino aliisoma akiwa amesimama.

"Warigia, wewe unawapangia watu kufa?"

"Hapana, bwana. Napanga simu zijibiwe."

"Na hawa wa akiba ni akina nani? Hapa umeandika Adoyo? Adoyo si ni mfagiaji?"

"Adoyo anaishi Umoja. Anajua nyumba ambazo sisi hatuzijui."

"Anaweza kuimba?"

Kuna maswali ambayo ukiyajibu unayapa heshima.

Akaweka mpango wangu mezani, juu yake akaweka birika la chai. Ukabaki hapo mpaka ukapata duara la kahawia.

Nilifundisha watu wangu bila ruhusa. Kila saa ya chakula, wiki tano, Adoyo na mpiga chapa wetu, Wangu, walikaa nami kwenye meza ya nyuma. Niliandika kadi: anayetoka damu, aliyeungua, anayejifungua, aliyekunywa sumu. Mativo alijifanya mpigaji simu. Alikuwa mpigaji mbaya sana, analia kabla hajaulizwa jina. Ndivyo wapigaji walivyo.

Jumatano tarehe 14, Mzee Shitanda akafariki huko kwao, magharibi.

Alhamisi, barua ubaoni.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Owino. Chumba cha simu kilikuwa nyuma yangu, mlango wazi, na kwaya nzima masikio juu.

"Kamati itakusikiliza Jumanne," alisema. "Mwenyekiti mwenyewe anakuja. Jiandae kuondoka."

"Na kwaya inaondoka lini?"

"Kesho alfajiri. Sote. Mimi ni mlezi, siwezi kubaki."

"Nani atajibu simu mpaka Jumatatu?"

Akatabasamu. "Wewe na karatasi yako."

Chumba kikacheka kwa sauti nne.

"Mwalimu atawafundisha wagonjwa hesabu!" mmoja akasema. Waliniita mwalimu kwa sababu niliwahi kufundisha. Walidhani ni tusi.

Kisha Owino akasukuma kitabu cha zamu mbele yangu.

"Tia sahihi. Chumba ni chako siku tatu. Simu ikilia isijibiwe, mtu akafa, Jumanne hutajibu barua ya kwaya. Utajibu polisi."

Nilitia sahihi. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na mshahara wangu ndio uliokuwa ukisomesha ndugu zangu watatu.

Ijumaa walipakia sare na ngoma, wakaenda.

Tukabaki wanne: mimi, Mativo, Wangu, na Adoyo aliyekuja na kitambaa kipya kichwani kana kwamba anakwenda kanisani. Aliifuta simu yake kwanza. Nikamwambia si lazima.

"Hii simu imeongelewa na watu saba, mama," alisema. "Mimi najua kilichomo ndani. Huwa naifuta kila siku."

Ijumaa ilipita. Kulikuwa na mkono uliopondwa na mkokoteni Gikomba, na mzee aliyeanguka ngazini. Tuliandika, tukatuma, tukaandika tena.

Jumamosi, saa tisa alasiri, simu ya Adoyo ililia. Nilimwona akikaa wima.

"Ambulensi. Sema mama, nakusikia."

Nilichukua kisikizi cha pili nisikilize nao.

"Mtoto amekunywa mafuta ya taa!" Mwanamke alikuwa akipumua kama aliyekimbia. "Ana miaka miwili! Anakohoa, midomo imekuwa vibaya!"

"Uko wapi?"

"Umoja! Lakini nyumba yetu haina namba, tumejenga chumba mbele, namba imefunikwa na ukuta..."

Hapa lazima niseme jambo. Nilikuwa nimewasikia wapokeaji wetu wakijibu simu kama hii mara nyingi. Kwa sauti safi kabisa walisema: "Tafadhali tafuta namba ya nyumba, kisha upige tena." Nusu ya Umoja ilikuwa imejengewa chumba mbele.

"Namba sijakuuliza," Adoyo akasema. "Unapiga kutoka duka la nani?"

"La Jimale."

"Jimale wa tangi la maji ama Jimale wa kule karibu na shule?"

"Wa tangi!"

"Nyumba yenu iko nyuma ama mbele ya hilo duka?"

"Nyuma, mlango wa kijani, kuna cherehani nje."

"Kwa yule fundi mguu mmoja?"

"Ndiye baba mkwe wangu!"

Mativo alikuwa ameshashika redio anamwambia dereva, Wanyoike. Adoyo akageuka bila kuachilia simu. "Mwambie asiingilie kwa barabara ya kwanza, wamechimba mtaro. Azunguke na barabara ya Outer Ring, aingie kwa tangi."

Nyuma ya yule mama kulikuwa na kelele.

"Nani huyo anayepiga kelele?"

"Mama mkwe, amenifuata hapa dukani na mtoto. Anataka tumtie kidole atapike. Anasema nyumbani walifanya hivyo."

Adoyo akatazama kadi. Halafu akaiacha.

"Mpe simu."

Sauti ya mwanamke mzee ikaingia, imekasirika. "Wewe ni nani unanikataza na mjukuu wangu?"

"Mama, habari ya hapo. Mimi ni Adoyo, nakaa safu ya nyuma yako. Mliwahi kunishonea sketi."

Sauti ya bibi ikashuka.

"Adoyo wa foleni ya maji?"

"Huyo huyo. Nisikilize, mama yangu. Hayo mafuta yakipanda juu tena, yataingia kwa mapafu. Hapo ndipo mtoto anakufa. Msimtapishe, msimpe maziwa. Mvueni nguo zilizomwagikiwa, mumpakate akae wima. Sasa ni wewe utasimama hapo umzuie kila mtu mwenye kidole."

"Hakuna atakayemgusa," bibi akasema, na nikaamini.

Dakika kumi na moja. Wanyoike akaita kwenye redio: wamempata, anapumua, wanaelekea hospitali. Jumatatu asubuhi nilipiga wodini. Mtoto alikuwa amekaa kitandani anakula uji.

Adoyo aliposikia alisema "sawa," akaenda kuchukua ufagio. Ilikuwa zamu yake ya kufagia.

Jumanne tukakaa kwenye kikao. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mbuthia, mtu mzima, mkavu, aliyesoma kila kitu mara mbili. Kwaya ilikaa upande mmoja, imechoka, macho mekundu. Upande wangu alikaa Mativo peke yake.

Owino alianza. Alisema mimi ni mtu asiye na moyo. Nilimhesabu mzee wa watu kama gunia. Na juu ya hilo, nimemweka mfagiaji kwenye simu za dharura.

"Simu ngapi hazikujibiwa?" Mbuthia akauliza.

Kila laini ilikuwa na kihesabio kidogo, kama cha mita ya maji, kilichosogea simu ikilia mpaka ikakatika. Tangu kiwekwe hakuna aliyekisoma isipokuwa mimi.

"Siku hizo tatu, tano," nilisema.

"Tano ni nyingi!" Owino akaruka.

"Wiki moja kabla, siku zizo hizo, chumba kikiwa kamili, thelathini na nane."

Nilipoinakili namba hiyo usiku uliotangulia niliirudia mara tatu, kwa sababu ilibomoa hata mpango wangu. Nilikuwa nimeogopa siku watakayoondoka. Kumbe waimbaji wote walikunywa chai kwa pamoja, na Jumamosi alasiri walipitia nyimbo za Jumapili. Upungufu niliokuwa nikiusubiri ulikuwa umekaa kwenye viti muda wote.

Mbuthia akaandika namba zote mbili. Akamgeukia Wangu, aliyekuwa akiandika kumbukumbu.

"Shtaka ni kwamba kumtaja marehemu kwenye karatasi kabla hajafa kulimuua. Haya. Niletee kila karatasi ya ofisi hii yenye jina lake."

Wangu alikuwa akihifadhi nakala ya kila kitu alichopiga chapa. Alitoka, akarudi na karatasi tatu.

Ya kwanza, mpango wangu. Ya pili, barua ya mashtaka. Ya tatu sikuwahi kuiona.

Mbuthia aliisoma. Akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena, safari hii kwa sauti.

"'Tunaomba kukodi basi la abiria sitini na wawili kwa ajili ya mazishi ya Mzee Shitanda. Tarehe tutawajulisha.' Imetiwa sahihi na Owino, mlezi. Tarehe tano Machi."

Mzee alikufa tarehe kumi na nne.



"Bwana Owino," Mbuthia akasema polepole, "huyu dada alisema mzee anaweza kufa. Wewe ulishamkodishia basi."

"Mwenyekiti, ilikuwa... alikuwa mgonjwa sana, kila mtu alijua..."

"Kila mtu alijua."

Shitanda mwenyewe akasimama. Alikuwa bado na kitambaa cheusi mkononi, na sauti yake, ile nzuri, haikuwepo.

"Nilijua," alisema. "Sare zilifuliwa wiki moja kabla. Nyimbo zilichaguliwa. Wapishi walitafutwa. Ile barua ya mashtaka nililetewa imeshaandikwa. Nilikuwa nimefiwa, nikatia sahihi. Samahani, Warigia."

Nilimwambia pole kwa msiba. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumpa pole katika chumba kile, na nilishangaa kwamba ni mimi.

Uamuzi ulitoka siku hiyo. Adoyo akapewa kiti na mshahara wa mpokeaji. Mpango wangu ukapitishwa, duara la chai likiwepo. Mativo akapewa zamu za mchana, na wapigaji wakazoea ile sauti. Hakuna aliyekata simu kwa sababu yake. Owino akahamishiwa makao makuu kusimamia sherehe na mazishi ya wafanyakazi. Aliifanya kazi hiyo vizuri kupita kiasi kwa miaka tisa.

Nawaambia ninyi mnaosoma hii mkiwa na wakubwa wanaosema wafanyakazi wamepungua ghafla, hawakutegemea, hali ilikuwa ngumu. Angalieni harusi zao. Angalieni michango, mahema, mabasi, wapishi wa watu mia mbili kwa siku tatu. Mtu anayeweza kupanga hayo anaweza kupanga nani atajibu simu.

Asikwambie hakujua kupanga. Alijua. Ni wewe unayepiga kutoka dukani ambaye hukuwa kwenye orodha.