Ile Video ya Moto Tuliyoshuti Kariandusi

Admin, naomba unifichie jina. Majina ya watu wangu nimeshayabadilisha mwenyewe. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka arobaini, naishi Nakuru. Huwa nasoma shida za wengine hapa na kuwacheka kidogo, Mungu anisamehe. Leo zamu ni yangu na sioni cha kuchekesha.

Mwaka 2007 nilikuwa napiga video za harusi katika studio moja hapa mjini. Nusu ya kazi ilikuwa kelele. Bibi harusi, cheka! Rudieni keki, sijaipata! Mwenye studio, mzee mmoja Mhindi mpole sana, alisema kwa sauti yangu ningeuza samaki nikatajirika. Siku hizo nilikuwa natoka na kijana nitakayemwita Dan, ambaye leo ndiye mume wangu. Dan na wenzake wawili walikuwa na bendi ya punk rock. Mji mzima unataka reggae na injili, na hawa watatu wanapiga gitaa kana kwamba limewakosea. Nilimpenda hivyo hivyo.

"Si utoke na hiyo kamera Sunday moja tu," akaniambia. "Tushuti video. Budget ni zero, lakini idea iko."

Wimbo wao ulimhusu landlord aliyewafungia nyumba na vitu vyao vikiwa ndani. Idea ilikuwa tujenge kibanda cha mabati na katoni, waimbe mbele yake, kisha wakichome. Mzee akaniazima kamera. Mwezi wa Novemba, kabla ya uchaguzi, tukaenda upande wa Kariandusi, kwenye lile vumbi jeupe la machimbo. Walijipaka vumbi usoni mpaka yakabaki macho. Dan alishika rungu, eti ndiyo maikrofoni. Wimbo tuliuchezesha kwa redio kaseti, betri zikalegea, ukawa kama wa mazishi, nao wakaendelea kuruka tu. Redio ilipozima kabisa tukasema basi, tuchome. Moto ukakataa kushika. Nikafanya nilivyozoea harusini, nikapaza sauti: "Choma! Choma tena, sijaona moto!" Nilicheka mpaka kamera ikatikisika. Sauti haikutusumbua, kwa sababu tungeifuta na kuweka wimbo juu yake.

Tuliiedit palepale studio kila nilipomaliza kazi za wateja. Kompyuta ile ilijaa maua na mioyo ya kupitisha kati ya picha, na Dan alinikataza hata moyo mmoja. Tulimaliza karibu na Krismasi, tukaiweka kwenye CD moja. Tulijivunia sana.

Halafu uchaguzi ukaja, na vurugu zake. Nyumba ya mama yangu kule karibu na Keringet ilichomwa. Mama alifika Nakuru na nguo alizovaa tu. Dan alichukua ile CD, akaitazama, akasema, "Nani ataangalia hii saa hii?" Akaivunja. Mimi nikafuta kila kitu kwenye kompyuta. Ilikuwa heshima kwa mama, ambaye hakuwahi hata kujua kwamba kulikuwa na bendi.

Kumbe mpiga gitaa alikuwa amejinakilia kile kipande cha moto, kikiwa kibichi, bila wimbo. Yeye alienda ng'ambo na namba yake haishiki tena. Lakini kipande kilitoka, na sasa kila uchaguzi ukikaribia kinazunguka kwenye simu za watu: vijana wenye nyuso nyeupe, rungu, moto, na msichana asiyeonekana akicheka kwa sauti iliyokwaruzika kwa kunakiliwa mno. Watu wanaandika chini yake kwamba ni Rift Valley, 2008.

Mwaka huu kiliingia kwenye group ya kanisa ya mama. Mama ameishi kwetu miaka hii yote, na Dan ndiye aliyemjengea chumba chake. Alimtambua Dan kwa alama ya kuzaliwa shingoni. Akafunga nguo zake, akahamia kwa rafiki yake wa kanisa huko Njoro. Watoto wanauliza shosho atarudi lini.

Nilimfuata. Nikamwambia, "Mama, ile ilikuwa video ya muziki. Ni ya kabla ya uchaguzi."

"Muziki uko wapi?" akaniuliza. "Wewe umesikia muziki hapo? Amekudanganya, na umekubali juu ni bwana yako."

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba nilikuwepo, kwamba kamera ilikuwa mikononi mwangu. Lakini akaendelea.

"Huyo kijana naweza hata kumsamehe siku moja, amenitunza. Lakini huyo msichana! Nyumba ya mtu inaungua, yeye anacheka, anasema choma tena. Hiyo sauti ndiyo nasikia nikilala."

Nikaaga, nikarudi Nakuru. Ushahidi tuliuvunja kwa mikono yetu. Nikisema sasa, hataamini habari ya wimbo na landlord. Atakachobaki nacho ni kwamba sauti ile ni ya binti yake.

Dan amenikataza kabisa. "Wacha anichukie mimi," anasema. "Mimi si damu yake. Akikuchukia wewe, atabaki na nani?" Anasema hivyo, kisha anaenda kukaa peke yake katika kile chumba alichomjengea. Mwanamume ambaye hajawahi kumpiga hata paka anaitwa mchomaji na mama mkwe wake, na mimi ninayejua ukweli wote naangalia tu. Nimechoka, jamani. Nalia jikoni maji yakichemka ili watoto wasisikie.

Jumapili iliyopita nilimpelekea mama sukari na maziwa. Kabla sijaondoka alinishika mikono yote miwili, akafumba macho, akamwomba Mungu amfichue yule msichana popote alipo, na moto ule ule umpate. Kisha akatulia, bado amenishika, akisubiri.

Nikasema amina.

Ndugu zangu mnaosoma, nipeni neno, maana mimi sina. Nimwambie mama, au niendelee kuitikia?