Mayai Niliyoyakwangua kwa Kijiko

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja niliyomgeuza kaa chali mbele ya watu wazima, nikajiona mtaalamu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, shati la kaki lililopigwa pasi, na cheo kipya: Bwana Samaki. Hivyo ndivyo watu wa ziwa walivyotuita sisi wa idara ya uvuvi, na jina hilo lilinipanda kichwani haraka kuliko pombe. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nimepangiwa bichi ndogo ya wavuvi upande wa Nyakach, ukishuka kutoka Katito, mahali ambapo kijito huingia ziwani kati ya mawe na mafunjo.

Usinicheke bado. Kwanza nikueleze elimu yangu niliitoa wapi. Nilikuwa nimerudi kutoka mafunzoni Pwani. Huko tulitembezwa kwenye matope ya mikoko hadi magotini, tukafundishwa maisha ya kaa, na sijawahi kupenda somo kama lile. Kaa jike ana kifuniko kipana kilichokunjwa chini ya tumbo. Cha dume ni chembamba, kimechongoka. Jike wa mikoko akishabeba mayai huyaacha matope, akasafiri hadi kwenye kina cha bahari. Huko mayai huanguliwa yakawa vijidudu visivyofanana na kaa hata kidogo. Vinaelea na maji, vinabadilika umbo mara baada ya mara, na vichache vinavyosalimika hurudi mikokoni vikiwa kaa wadogo. Mayai ni mengi ajabu kwa sababu watoto wengi wataliwa njiani. Basi mwalimu wetu alisisitiza kwamba kaa mwenye mayai arudishwe majini akiwa mzima, pamoja na mzigo wake. Mimi nilikariri somo lote isipokuwa hayo maneno ya mwisho.

Pale bichi nikamkuta Mama Akelo, mjane aliyeishi kwa kaa. Watu wengi kule hawana mazoea ya kumla, lakini samaki kama kamongo na mumi wanampenda sana, kwa hiyo wavuvi wa ndoano walinunua chambo kwake kila asubuhi. Aliinama kwenye mawe ya kijito, akainua jiwe, akachukua kaa, akalirudisha jiwe kama lilivyokuwa. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu wake wawili.

Siku hiyo nilichukua kaa mkubwa kuliko wote katika debe lake, nikamgeuza. Kifuniko kilikuwa kipana, na chini yake mayai ya rangi ya chungwa.

"Huyu ni mama," nikawatangazia wavuvi. "Arudishwe."

Mama Akelo akanitazama. "Bwana Samaki, hizi kubwa ndio inakaa kwa ndoano vizuri. Nikirudisha yote, nitauza nini?"

Lilikuwa swali la haki. Badala ya kumwambia sijui, nikajifanya mjanja. Akili ni nywele, kila mtu ana zake; zangu siku ile zilihitaji kinyozi. Niliwaza hivi: kama watoto wa kaa huelea wenyewe, mama wa nini? Nikaomba kijiko, nikayakwangua mayai yakaanguka majini, nikamrudishia kaa wake. "Mayai ya ziwa, kaa wako," nikamwambia, na nikaagiza afanye hivyo kila siku. Wavuvi wakapiga makofi. Mama Akelo hakupiga. Aliyatazama mayai yakizama, akasema tu, "Sawa. Serikali imesema."

Nikaenda zangu nimefurahi, nikidhani nimeokoa ziwa na mjane kwa mpigo mmoja. Elimu ni bahari, husema watu. Nilichosahau ni kwamba mbele yangu palikuwa na ziwa.

Masika mawili yakapita. Asubuhi moja nilifungua mlango wa ofisi nikamkuta Mama Akelo amesimama nje. Ndani ya debe lake mlikuwa na kaa mmoja, jike, amebeba mayai.

"Tangu Jumatatu ni hii tu," akasema.

Wavuvi walikuwa wameshaanza kununua chambo bichi nyingine. Mjukuu wake mdogo, msichana wa miaka sita, alikuwa amepelekwa kwa mjomba wake kwa sababu sufuria ya bibi haikutosha tena. Alinieleza hayo bila kupaza sauti. Nami nikaanza kutaja sababu: labda dawa za mashambani, labda mafuriko. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Bwana Samaki, mtoto ya hii kaa haiendi mahali. Inakaa kwa tumbo ya mama mpaka ipate nguvu. Mimi naona hivyo tangu niolewe hapa."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwani uliuliza? Wewe ulikuja na kijiko."

Nimekaripiwa na wakubwa wengi, mwanangu, lakini hakuna maneno yaliyonikata kama hayo.

Hata hivyo, ukaidi haufi siku moja. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Mama Akelo alicheka, akakubali kunipa yule kaa. Tukamweka kwenye karai pamoja na mawe mawili na maji ya kijito. Mayai machache nikayatoa, nikayatia kwenye chupa ya jemu. Kila asubuhi yeye alileta maji mapya, mimi nikainama kuangalia kabla hata ya kunywa chai.

Siku ya nne mayai ya kwenye chupa yalikuwa meupe na yameota ukungu. Ya tumboni yaling'aa vilevile. Nikamwona kaa akikipunga kifuniko chake polepole ili maji yapite, akiyachokoa mayai kwa ncha za miguu kuyasafisha. Kumbe kubeba kwenyewe kulikuwa kazi! Halafu nikatazama tena na kuona jambo ambalo lilikuwa wazi siku zote: yalikuwa mayai makubwa, na machache kiasi kwamba mtu mwenye subira angeweza kuyahesabu. Mayai machache namna ile ni ya mama anayekaa na wanawe.

Wiki zikapita. Siku moja Mama Akelo akaniita, "Nyathina, kuja uone." Nyathina kwa Kijaluo ni mwanangu, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo. Akainua kifuniko kwa ukucha. Chini yake walijaa kaa wadogo kama punje za mtama, kamili, wana macho na magando. Hapakuwa na vijidudu vya kuelea wala safari ya kwenda kina kirefu. Mmoja alishuka, akatembea kidogo juu ya bati la karai, akaogopa, akarudi mbio chini ya mama yake.

"Hata watoto ya hapa wanajua hii," Mama Akelo akasema, akinicheka waziwazi.

Nilifurahi kama mtoto. Papo hapo aibu ikanishika, kwa maana nilianza kuhesabu kichwani ni vijiko vingapi vilikwanguliwa kwa miaka miwili.

Tukaenda pamoja kwa mzee wa bichi. Safari hii yeye ndiye aliyeeleza, mimi nikaandika. Watu wakakubaliana kwamba kila kaa ageuzwe kwanza. Mwenye mayai au watoto arudishwe palepale chini ya jiwe lake, na dume ndiye auzwe. Nilipeleka ripoti Kisumu jina la Mama Akelo likiwa juu ya langu. Mkubwa wangu akauliza ana cheti gani. Sikumjibu kwa adabu, naye akaninyima pikipiki ya kazi mwaka mzima.

Kaa walianza kuonekana tena mwanzoni mwa miaka ya tisini. Lakini sitakudanganya kwamba kila kitu kilitengemaa. Njaa haingoji kaa azae. Mama Akelo alikuwa ameshahamia kuuza viazi vitamu sokoni Katito, na kaa waliporudi magoti yake hayakumruhusu tena kuinama kwenye mawe. Yule mjukuu alikulia kwa mjomba. Nilimwomba bibi yake radhi zaidi ya mara moja, hadi akachoka nami. "Wachana na hiyo maneno, nyathina," akaniambia. "Nunua viazi." Nikanunua.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nilikuja, mwenyeji akaugua.

Sasa wewe, mwanangu, unafunga sanduku kwenda kwenye kazi yako ya kwanza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Uliyosoma ni kweli, lakini ni kweli ya mahali pale yalipochunguzwa. Ukifika, mtafute mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi kuliko umri wako, umuulize anachojua kabla ya kumwambia unachojua wewe. Akikuuliza usilolijua, sema hujui. Sijaona mtu aliyekufa kwa neno hilo. Na akikujibu "sawa" upesi, macho yake yako chini, usiondoke. Keti naye. Huenda anakuacha ukosee kwa sababu ya shati ulilovaa.

Mwenyezi Mungu akutangulie, aibariki mikono yako, na akukutanishe mapema na mtu wa kukuambia ukweli, kabla kosa lako halijamhamisha mtoto wa mtu nyumbani kwao. Amina.