Mtungi Uliolazwa

Nilijua mtungi umekwisha kabla sijaufungua. Niliunyanyua pale stendi ya Mbezi kwa mkono mmoja, mie ambaye ndoo ya maji tu hunitoa jasho.

"Sista, huo nimekutunzia!" konda wa basi la Arusha akaniambia, meno yote nje. "Nimeulaza kwenye buti, nikaubana na magunia ya viazi usianguke."

Kaulaza. Ya Rabi! Naitrojeni ya kimiminika haifungwi kifuniko cha kubana, maana lazima ipumue; ukiilaza, yote inamwagika. Wapandikizaji mbegu za ng'ombe kule Arusha ndio walionigawia, na bila baridi yake kipima miale chetu cha chuo ni chuma tu. Nilitaka kumtukana, lakini yule kaka alikuwa ananisubiri nimshukuru. Nikasema ahsante. Hasira nikarudi nazo nyumbani Temeke.

Maana kule maabara nilikuwa na chembe ya radiamu ya aina isiyodumu, iliyotoka ng'ambo, imo ndani ya kasha la madini ya risasi, na kila baada ya siku chache nusu yake inakufa. Ikifa hutoa miale. Kwa miale hiyo nilitaka kujua kiini kizito cha atomu kinachobaki kina umbo gani, cha mviringo au kimechomoza upande mmoja kama parachichi. Digrii yangu yote ilikuwa humo. Msimamizi alishasema nyingine haipatikani, na muda wangu chuoni ulikuwa unaisha. Nikikosa, narudi kukaa dukani kwa mama.

"Si uiweke hiyo radiamu yako kwenye friji ya soda, mwanangu, isiharibike?" mama akauliza.

"Haiozi, mama. Inakufa tu, hata uifanyeje."

"Basi njoo ule."

Nilikula huku nalia.

Mtungi wa pili ulichelewa sana. Konda yuleyule, safari hii nikiwa nimemwonya, aliuleta umesimama wima kwenye siti, kaufunga kwa kamba kama abiria mgonjwa, na halikumwagika tone. Nikapooza kipima miale, nikaweka chembe yangu, nikangoja. Kwenye skrini ukapanda mstari mmoja, mrefu, msafi. Moyo ukanidunda, wallahi. Nikausoma. Ulikuwa wa potasiamu, ile iliyomo kwenye zege la kuta za kila jengo. Radiamu yangu ilishakufa wakati nangoja mtungi, haikusema kitu. Nilikuwa napima ukuta.

Nikazima mashine. Jumatatu mama akanikabidhi ufunguo wa duka.