Nahodha wa Benchi

Mkiniona siku hizi nalishika benchi kwa mikono miwili kabla ya kukaa, chekeni tu, maana mwaka jana hapa nyumbani Old Moshi nilijiaibisha mbele ya wakwe watarajiwa na hadi leo kijiji kizima kinaniita Nahodha, mimi ambaye maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya mfereji wa kumwagilia migomba.

Mtoto wa kaka yangu, Godlisten, alitaka kuoa binti wa Pangani, na wazazi wa binti wakapanda huku kutuona kabla hawajasema ndiyo. Nikateuliwa kuwapokea (nimemaliza kidato cha nne, na kwa maneno ya shangazi Manka, "huna kazi nyingine zaidi ya kukaa nyumbani"). Ningesema karibuni, yakaisha. Lakini nikaona watu wa pwani wapewe neno la bahari, na nilikuwa nalo moja, nililisikia redioni nikimenya ndizi.

Sasa kwetu mwenyeji huonja kwanza mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Asipoonja, mgeni hanywi. Nikashika kata imejaa, nikaanza: nahodha, ndugu zangu, ni neno lililotoka Uajemi, limeungwa kwa vipande viwili, chombo na bwana, yaani bwana wa chombo, likaja na wafanyabiashara wa baharini, likawa la mkuu wa safari, na leo hata timu ya mpira ya vijana wetu ina nahodha, na uwanja wenyewe uko mlimani.

"Onja," shangazi akaninong'oneza.

"Nakuja."

"Wageni wana kiu, wewe."

Mzee Mhina, baba wa binti, alikuwa anaitazama ile kata kama ndama anavyomtazama mama yake. Mimi nikapanda juu ya benchi niwaonyeshe nahodha anavyosimama chombo kikiyumba. Upande wa pili alikaa mjomba wangu mnene, nanga yangu bila kujua, naye kwa kuchoshwa na hotuba akanyanyuka kwenda kumwangalia mbuzi anayechomwa.

Benchi refu mnalijua. Nilishuka na kata yangu, mbege yote ikaishia kwenye shati jeupe la Mzee Mhina, na ulezi ukamganda ndevuni.

Godlisten alikuwa ameshika kichwa, ndoa anaiona inaondoka. Nikakimbilia mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikachuma jani la isale, nikapiga magoti, nikampa mzee, maana kwetu ukiletewa isale lazima usamehe, hata kama mtu amekuulia ng'ombe. Ila mgeni hakuna aliyemwambia. Akalipokea, akashukuru, akajifutia ndevu.

Shangazi akajifunika uso kwa kitenge. Ikabidi nimweleze mzee maana ya jani, magoti bado yako chini, naye akaligeuza geuza, limejaa ulezi.

"Kwa hiyo siwezi kukataa?"

"Huwezi, baba."

"Na hapo umeshaanza kunieleza jambo lingine."

Shangazi akanijazia kata nyingine.

"Onja basi, nahodha, tunywe."

Nikaonja. Binti tulipewa, kwa sharti moja tu, kwamba siku ya harusi nisikaribie kipaza sauti, na nililitimiza, nilishinda uani kwa wachoma nyama, nimekaa juu ya jiwe. Tangu hapo nikipewa kata naonja kwanza. Maneno, hata yatoke Uajemi, yatanikuta nimekaa.