Bibi wa Kuazima

Kila mwaka, somo la kwanza, huwaomba wanafunzi wangu wanipe umbea. Wao hucheka, wakidhani mwalimu kachanganyikiwa na joto la Tunguu, kilipo chuo chetu. Halafu mmoja hujitoa: kuna harusi imevunjika huko mjini. Namuuliza kajuaje. Basi ataanza: kaambiwa na dada yake, dada kaambiwa na jirani, na jirani mwenyewe alikuwapo ukumbini, kakaa safu ya mbele, kamuona bwana harusi anatoka na viatu mkononi. Mimi huwaambia kazi imekwisha, kunukuu mnakujua tangu utotoni. Yaliyobaki ni koma na nukta.

Ndio maana sina huruma na mtu mzima wa kisiwa hiki anayejifanya hajui. Sisi hatusemi neno bila ya kusema tumelitoa wapi. Hata pilau ya mtu ukiisifu, atakwambia kafunzwa na nani.

Sasa huyo mwenzangu. Jina lake silitaji, halistahili wino wangu. Tulikuwa tukisomesha chuo kimoja, na alikuwa na shahada ya udaktari aliyoivaa kama kanzu mpya ya Idi, kutwa anaikung'uta vumbi. Jioni alikuwa akitoa darsa katika msikiti wa mtaani kwetu, Mji Mkongwe. Sauti yake ilitufikia sisi wanawake majumbani kwa kipaza sauti: hadithi hii kaipokea fulani kutoka kwa fulani, naye kutoka kwa fulani, hata mmoja hamruki. Nilikuwa nikikata vitunguu huku namsikiliza na kumheshimu. Astaghfirullahi, heshima niliyoimwaga pale hakuna wa kunirudishia.

Alikuwa akimsimamia binti mmoja wa Jambiani katika tasnifu yake ya shahada ya pili. Binti aliandika kuhusu wanawake wanaolima mwani, na bibi yake mzaa mama ni mmoja wao. Sura iliyonoga ilikuwa ile ya ugonjwa wa mwani. Alieleza kwamba bibi yake huusugua mwani kwa kidole gumba. Ukiteleza kama mlenda, huung'oa pale pale, hangoji mpaka ugeuke mweupe. Chini ya ukurasa akaweka tanbihi: kaelezwa na bibi yake, Jambiani, naye bibi kafunzwa na shoga yake wa kulima naye mwani, ambaye sasa ni marehemu. Alinionesha rasimu ile mwenyewe, nami nikafurahi, nikasema angalau mmoja kanielewa.

Binti akampelekea msimamizi wake sura hiyo kwa barua pepe, akakaa kungoja maoni. Chuo kizima kilijua kwamba bwana yule hasomi kazi za wanafunzi. Alikuwa akifungua ukurasa wa mwisho, anaandika "nzuri, endelea", anakwenda zake kunywa chai. Lakini sura ile aliisoma. Aliisoma kwa makini, labda kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya usomi, kwa sababu alikuwa na shida ya makala ya kupandia cheo. Ikatoka jaridani kwa jina lake, neno kwa neno. Alichokifuta ni tanbihi tu.

Binti hakuwa na habari. Alipowasilisha tasnifu yake, kompyuta ya chuo inayokagua wizi wa maandishi ikatoa jibu kwamba sura nzima imeibwa kutoka kwenye makala ya msimamizi. Akaitwa mbele ya kamati. Akionekana mwizi anafukuzwa, miaka yake ya kusoma inapotea, na ile nafasi ya ualimu aliyoahidiwa skuli ya kwao inakwenda kwa mtu mwengine.

Mimi nilitiwa katika kamati hiyo kwa kuwa ndimi ninayesomesha mambo ya marejeo. Mwenyekiti alikuwa mzee wa heshima zake, mtu asiyejua kumkatalia mtu jambo mbele ya uso wake. Binti akaonesha barua pepe. Tarehe yake imeitangulia makala kwa miezi. Pale pale ilitosha. Lakini mwenzangu alikaa mkavu wa macho, anachezea kalamu, akasema mwanafunzi hukua ndani ya fikra za mwalimu wake, na kwamba hayo yote ni mambo aliyompa yeye kwa mdomo.

Nikaifungua makala yake. Katika kufutafuta kwake alikuwa ameyaacha mahala pake maneno "bibi yangu", na nadhani aliyaacha makusudi, kwa kuwa yalimpendeza. Nikamuuliza bibi huyo ni bibi gani.

"Bibi yangu wa Jambiani," akasema, na kope hakupepesa.

Jamani! Mtu huyu alidhani yuko Ulaya, mahali ambapo unaweza kujizulia bibi na asitokee wa kukuuliza ni wa ukoo gani. Mimi nimezaliwa naye uchochoro mmoja. Bibi zake wote wawili nilikuwa nawajua. Mzaa baba tulipakana naye ukuta, na mzaa mama alikaa nyumba ya pembeni, na wote walikuwa watu wa mjini walioiangalia bahari dirishani. Yule mzaa mama hata kuoga pwani alikuwa akitukataza sisi watoto. Chakula cha hitma yake alipofariki tulipika mimi na mama yangu. Nikayasema yote hayo pale mezani, taratibu, bila ya kupandisha sauti, nikamaliza kwa kumuuliza huyu wa tatu kamuazima wapi.

Kisha mwenyekiti akakohoa, na nikajua tumekwisha. Sisi tuna maradhi yetu yanaitwa muhali: unaona haya kumtolea mtu ukweli wake mbele za watu, na anayelipia haya yako ni yule mdogo asiye na mtu. Mzee akasema huyu ni mwenzetu, ana mke na watoto, tusimvunjie uso, mambo haya tuyamalize kindugu. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Uamuzi ukawa kwamba binti asifukuzwe, ila pale penye maneno yanayofanana aweke marejeo ya makala ya msimamizi wake, na mimi nimuoneshe namna ya kuyaandika kwa usahihi. Yaani aliyeibiwa amtaje mwizi kwa heshima, nami nimshikie kalamu! Nilipinga, nikapinga peke yangu. Wale wasomi na miwani yao hata mmoja hakuthubutu kunitazama usoni. Niliwadharau siku ile, na mpaka leo sijapata sababu ya kuacha.

Binti hakulia. Alimgeukia mwenyekiti.

"Kwa hiyo niandike maneno haya yametoka wapi, kikamilifu?"

"Kikamilifu, mwanangu," mzee akajibu, ameshaanza kukusanya karatasi zake.

Baada ya siku chache akanijia ofisini, akanipa shikamoo yake, akaniwekea ukurasa mezani. Aliniomba nimuangalizie tu kama koma na nukta ziko mahala pake. Niliisoma tanbihi ile, nikaisoma tena. Nikamwambia koma moja imezidi, mengine yote sahihi.

Ilibaki saini ya msimamizi, ya kuthibitisha kwamba kaisoma tasnifu yote na kairidhia. Tulimkuta penye magari, anakimbilia darsa yake mjini. Binti akamuomba, kwa adabu, aipitie kwanza. Akamwambia hapana haja, mambo si yameshakwisha. Akailaza juu ya boneti, akafungua ukurasa wa saini peke yake, akatia.

Tasnifu imeshatiwa jalada, iko maktaba, na binti anasomesha Jambiani. Chini ya ukurasa wa ugonjwa wa mwani, tanbihi inasema hivi: maneno haya yamo katika makala ya msimamizi wangu, aliyeyapokea kutoka kwangu katika rasimu ya sura hii; nami nimeyapokea kutoka kwa bibi yangu mzaa mama, Jambiani; naye kayapokea kutoka kwa shoga yake, marehemu. Hata mmoja hakumruka.