Siku Bibi Alipotupungia Kanga

Binti wa kaka yangu anasoma Uingereza, na leo asubuhi kanitumia video. Kasimama juu ya ubao katikati ya ziwa, kasia mkononi, milima ya kijani nyuma yake, anacheka peke yake. Chini kaandika: "Shangazi, njoo kiangazi hiki. Utaota mizizi hapo Al Khoudh."

Hakukosea sana. Mimi kwenda Bustan tu, Maskati hii hii, nahesabu safari. Naaga majirani, nachukua chupa ya chai na dawa ya kichwa. Kiti changu cha sebuleni kimeshanizoea, nikikalia kingine najihisi mgeni. Lakini usije ukadhani sijatembea. Ziwa kama lile nimeliingia nina miaka kumi, kwa mashua ya makasia, na niliyoyafanya siku ile sijapata kumhadithia mtu. Basi kaa nikuhadithie wewe.

Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa dereva wa basi kaskazini ya Uingereza. Kila mwaka akimwita mama yake akapumzike na joto la Maskati, na kila mwaka bibi akisema mwakani. Mwaka huo akakubali, kwa sharti aende na mimi nimkande miguu. Nilikanda siku mbili. Siku ya tatu ami akasema Jumapili anatupeleka ziwani, na miguu ya bibi ikapona papo hapo.

Bibi aliposikia ziwa, alifikiria wadi, yale mabonde ya mito ya Oman. Kwetu Ijumaa ya kutembea ilikuwa kwenda kwenye mabonde ya upande wa Qurayyat, pale maji yanapotuama baina ya majabali. Unaingiza gari mpaka tairi zinagusa maji, unatandika mkeka, unawasha mkaa. Basi Jumapili ile aliamka alfajiri, akakaanga katlesi na sambusa, akapika pilau, sufuria akalifunga ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Chai ya maziwa ikaingia chupa mbili, halua tuliyotoka nayo Maskati ikaingia kapuni, na juu ya vyote mishkaki na mfuko wa mkaa.

"Mama, kule moto haruhusiwi mtu kuwasha," mke wa ami akamwambia.

"Sasa pikiniki bila moto ni pikiniki, au tunakwenda kumngoja daktari?"

Mkaa ukabaki nyumbani, na mishkaki yake. Bibi akanuna mpaka tulipofika, na alipofika akapata jipya la kununia: gari liliachwa juu, kwenye uwanja wa magari, na maji yako huko chini, mwendo wa robo saa. Tukashuka kwa miguu, ami na sufuria kichwani, mke wake na makapu, mimi na mkeka. Waingereza wenye mabegi mgongoni na fimbo mbili mbili walitupita wakitusalimia, na bibi akimjibu kila mmoja "waalaykum salaam" kwa sauti ya kutosha.

Ziwa lenyewe lilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Bibi alichota kwa kiganja, akaonja, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akatawadha, akaguna. "Baridi hii inakosha dhambi na ngozi pamoja." Baada ya hapo akatafuta pa kukaa, na akakaa kama alivyokaa daima: uso kwenye milima, ubavu kwenye maji.

Hilo lina sababu yake, na nyumbani kwetu kila mtu aliijua. Bibi alikuja Oman kutoka Unguja na mdogo wake wa kike, wasichana wa kisiwani, hawajui wadi ni nini. Siku moja walikuwa bondeni na jua linawaka, mbinguni hamna hata wingu. Mvua ilikuwa imenyesha huko mbali, milimani, wao hawana habari. Maji yalipokuja, mdogo wake alikuwa ng'ambo ya pili, viatu kaviacha upande huu kwa bibi. Viatu vilibaki. Yeye walimpata siku ya tatu. Tangu hapo bibi akitupeleka wadi haangalii maji, anaangalia milima, na likitokea wingu la ukubwa wa mto wa kulalia basi tunafungasha, hata kama nyama haijaiva. "Maji hayamjui mtu," ndiyo kauli yake, na sisi watoto tuliichoka.

Ami alikuwa amekodi mashua. Nilimwomba bibi kwa macho, kwa mdomo, na mwisho kwa machozi, maana machozi yangu wakati huo yalikuwa karibu. Katikati ya ziwa kulikuwa na kijisiwa chenye misunobari mitatu, na mimi nilikuwa nimeshaamua kukanyaga pale kabla sijafa. Mwenye mashua akaleta majaketi ya kuokolea. Bibi akayageuza geuza.

"Maji yao kama hayana neno, haya ya nini?"

Mwisho akanishika kidevu. "Nnakuachia. Lakini mimi niko hapa nnaangalia milima. Nikikupungia kanga, unarudi. Hungoji. Sawa?"

"Wallahi, bibi."

Nikavua viatu nisivirowanishe, nikaviweka pembeni ya mkeka, nikakimbia.

Ami na basi lake alikuwa hodari. Lakini kwa makasia alikuwa kama mtu anayekoroga uji wa watu mia. Tulizunguka mara tatu palepale kabla mashua haijakubali kwenda mbele. Miwani yake ilirowa akaivua, akaitia mfukoni. Mimi nimekaa upande wa mbele wa mashua, nyuma ya mgongo wake, kijisiwa kinakaribia, misunobari naihesabu matawi. Ndipo nilipohisi tone shingoni. Nikageuka. Juu ya milima pamekuwa peusi, na pale ufukweni, kidogo kama kijiti cha kiberiti, bibi kasimama anapunga kanga.

Ami naye aliona kitu, bila miwani. "Bibi yako anafanya nini pale?"

Kijisiwa kilikuwa karibu kiasi cha kurusha jiwe.

"Anatusalimia," nikasema.

Basi ami akaacha kasia moja, akampungia mama yake mkono, kwa furaha tele. Mimi pia nikapunga. Tukampungia sote wawili, tukaendelea mbele.

Mvua ikashuka. Waingereza waliokuwa ufukweni hawakuinuka; walivuta kofia, wakafungua miavuli, wakaendelea na mikate yao. Bibi peke yake ndiye aliyekimbia, na hakukimbilia juu. Nilimwona akiingia majini. Magotini. Kiunoni. Bibi, ambaye hata wadi ya kufika kwenye vifundo alikuwa akiizunguka. Mke wa ami anapiga kelele nyuma yake, na mzee mmoja wa Kiingereza, mwenye mbwa, akamwachia mbwa kamba, akaingia na viatu vyake, akamshika bibi mkono. Hakumvuta kumrejesha. Alisimama naye tu, maji kiunoni, wanatutazama.

"Ami," nikasema, "geuza."

Sijui tulirudi kwa muda gani. Nakumbuka bibi akimwambia yule mzee kwa Kiswahili, "Mtoto wangu yuko kule, baba, mtoto wangu yule," na mzee anaitika kwa Kiingereza, kila mmoja kamwelewa mwenziwe. Mashua ilipogusa changarawe nilijiinamia, nangoja kofi. Halikuja. Nilipoinua macho ndipo nikaona alichokibana kwapani, kinadondosha maji: viatu vyangu.

Alinikalisha juu ya jiwe, akanivisha mwenyewe, kimoja kimoja, akafunga kamba mafundo mawili mawili. Akayavuta kuyajaribu kama yameshika. Kisha akafungua sufuria, pilau bado lina moto, akamtilia yule mzee sahani ya mwanzo na katlesi mbili juu, mzee akala amesimama mvuani, na mbwa akapata katlesi ya tatu.

Njiani ami alinitazama kwenye kioo cha gari. "Anatusalimia, eh?" akasema polepole. Hilo hajalitaja tena mpaka leo.

Maskati bibi aliihadithia safari ile miaka, na watu walicheka mpaka machozi: Waingereza wanaonyeshewa kama nguo zilizosahauliwa kambani, mtoto wake na sufuria kichwani, mbwa anayekula katlesi. Kuingia majini hakukuhadithia hata mara moja. Na mimi sikumwambia kwamba kanga niliiona. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kumwambia, na bibi akaondoka kabla haijafika.

Siku hizi simu inalia kabla ya mvua, kukuambia usiingie bondeni, na hakuna tena mtu wa kukaa anaangalia milima. Mikeka ile haipo, sufuria lile lilitoboka, ami kazeeka na anasema ziwani hajaenda tena. Mimi watu wananicheka kwa kukaa ndani, na nawaachia wacheke. Nawaambia ni magoti.

Ile video nimeitazama mara nne. Mara ya kwanza nilimtazama mtoto. Mara tatu nyingine nilitazama milima, na kweli, upande wa kushoto palikuwa na wingu. Na pembeni, kwenye majani, jozi ya viatu vyeupe.

Nikamwandikia: "Viatu vyako nimeviona. Wewe uko wapi?"

Akajibu kwa vicheko vingi, kisha akaandika: "Video ni ya jana, shangazi, nimeshalala na kuamka."

"Nionyeshe," nikaandika.

Ikaja picha: miguu miwili, sakafu ya chumba, viatu vyeupe vimefungwa kamba. Ndipo nikainuka kitini, nikateleka chai.